Mama Yupi?

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni wakili wa nyumba. Huyu si wa kusimama mahakamani kutetea wezi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayekuuzia nyumba ndiye mwenye nyumba, kwamba haijawekwa rehani, na kwamba baadaye hatakuja mtu kukugongea mlango akisema hapa ni kwangu. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, na wateja wake hutoka humo wananuka vanishi. Mtaani wanamwita Subiri Kwanza, kwa kuwa ndiyo maneno yanayomtoka kabla ya salamu.

Nilikuwa namtania sana.

"Shemeji, siku mtoa roho akija utamwambia asubiri kwanza?"

"Nitamwomba kitambulisho," alijibu.

Mimi na mume wangu tumekaa nyumba za kupanga tangu tuoane, tukikatazwa hata kupiga msumari ukutani. Tulipopata ile nyumba ya vyumba vitatu, yenye jiko linalotazama ua, niliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti. Shemeji akaenda kupekua kwa msajili wa ardhi, akakuta hati ni safi. Akauliza majirani mipaka. Kila nikimpigia simu, subiri kwanza. Nilikuwa namlaani kimoyomoyo.

Ikabaki ridhaa ya mke wa muuzaji, maana nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja. Muuzaji mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, tena aliyemfundisha shemeji kusoma. Mtu aliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza, utamuuliza mkewe yuko wapi kama polisi? Mimi nilikuwepo pale ofisini. Nilimwona shemeji akitafuta neno la adabu.

"Na mama je, Mwalimu? Ameridhia?"

"Mama hana neno. Ametupa na baraka zake."

"Basi tutamletea karatasi nyumbani atie saini, asihangaike na hizi ngazi."

"Njooni tu," Mwalimu akasema, akainuka haraka.

Nikaomba niruhusiwe kupima madirisha. Kwa mara ya kwanza maishani mwake shemeji hakuniambia nisubiri. Nikapima, nikanunua kitambaa cha kijani, nikashona.

Siku ya saini tulikwenda watatu, mimi nimekumbatia mfuko wa mapazia kama mtoto mchanga. Barazani alikuwa ameketi bibi kizee, mama mzazi wa Mwalimu. Akatuchangamkia. "Ndio nyinyi wanunuzi? Karibuni wanangu."

Kwa ndani akatokea mwanamke wa makamo, mikono ina povu la sabuni. Begi la safari lilikuwa bado limesimama ukumbini. Alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka kumuuguza dada yake.

"Wanunuzi wa nini?" akauliza.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti, anatazama vidole vya miguu yake.

"Wa nyumba, mama," shemeji akasema. "Mimi ni wakili. Niliuliza kama mama ameridhia."

"Mama ni huyo hapo barazani. Mimi ni mke." Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu. "Mimi aliniuliza nani?"

Uso wa shemeji ulimshuka. Wakili mzima, anayepekua hati za watu mpaka herufi ya mwisho, amekwama kwenye neno ambalo kila mtoto huanza nalo. Niliona aibu kwa niaba yake, nikadhani yangu haipo. Kumbe mfuko ulikuwa wazi. Mke wa Mwalimu akavuta ncha ya pazia, akaenda nayo dirishani, akaipima kwa macho juu mpaka chini.

"Limetosha kabisa," akasema. "Ulipima lini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Shemeji akanijibia.

"Alipima kwa idhini yangu, mama."

"Idhini yako?"

Shemeji akachana karatasi zake palepale, akatuambia sisi ndugu zake kwamba hakuna mauziano. Mume wangu alimnunia kwa muda mrefu. Mimi sikuweza. Bado tunapanga, na mapazia yako juu ya kabati. Madirisha ya hapa ni mafupi.

Juzi nilimpelekea chai ofisini nikamkuta na mzee mmoja mwenye heshima zake, anauza nyumba.

"Mama hana neno," mzee akasema.

"Mama yupi, mzee?" shemeji akauliza. "Aliyekuzaa au uliyemwoa?"

Mzee akasimama, akasema hajawahi kuvunjiwa heshima namna ile, akashuka ngazi. Shemeji hakumwomba asubiri. Alikuwa ameinamia meza, masikio yamemwiva, na mimi nikamimina chai bila kumtazama.