Jengo Lisilomwona Wakili Ochoki

Lorna Nyamoita alizaliwa Nyansiongo, kwa watu wa ng'ombe wa maziwa, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kufungua redio ili aone kinachosema humo ndani. Alisomea umeme, akafanya kazi Nairobi na kampuni ya kufunga mitambo ya maghorofa, kisha akarudi nyumbani kwa hiari yake pale jengo jipya la ofisi liliposimamishwa mjini Nyamira. Taa, feni, pampu za maji na milango ya jengo hilo vyote viliunganishwa na mtandao, na Lorna ndiye aliyevisimamia kwenye skrini moja, katika chumba kidogo cha chini. Maji yakipungua huko juu, yeye alijua kabla mpangaji hajapiga simu. Kazi hiyo aliipenda, wala hakuona haya kusema kwamba anaiweza.

Alasiri moja ya mvua, Roselyne, karani wa wakili Ochoki wa ghorofa ya tatu, alishuka kwake akiwa na uso uliokunjamana. Alieleza kwamba mzee alikuwa akitetea kesi ya shamba la familia moja ya Marani, mbele ya jaji, kwa kompyuta kama ilivyo kawaida siku hizi, mara taa zikazima. Jaji aliona giza tupu, akauliza kama wakili bado yupo. Mzee alijibu kuwa yupo, lakini maneno yakamkwama, na kesi ikaahirishwa. Haikuwa mara ya kwanza kuzimikiwa, Roselyne akaongeza, ila mzee alikuwa amemkataza kusema.

Lorna akageukia skrini. Mlango ulionyesha kwamba Ochoki aliingia asubuhi na hakutoka. Lakini kwa upande wa taa, ofisi ile ile ilisomeka haina mtu. Akapanda ngazi.

Alimkuta mzee ameketi nyuma ya meza, katika mwanga hafifu wa dirishani. Mwaka uliopita alipata kiharusi, upande wake wa kulia ukawa mzito, na tangu hapo alizoea kukaa ametulia kabisa.

"Tata," Lorna alisema, akimwita kama anavyomwita baba yake, "mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kila nikikaa kufikiri, taa inazima. Nikaona basi hata nyumba imejua nimekwisha. Nimeshamwambia mke wangu kwamba Krismasi nafunga ofisi kabisa."

Lorna alionyesha kidude cheupe kilichobandikwa darini, kile mafundi wanachokiita sensa. "Hicho hakijui lolote, Tata. Hakioni mtu, kinaona kinachosogea. Panya akipita hapa sakafuni atawashiwa taa."

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Siku hiyo hiyo Lorna aliiondoa ofisi ile kwenye mpango wa kuzima taa. Alidhani mambo yameisha, lakini mzee mwenyewe alikataa. Hakutaka ofisi yake iwe ndiyo pekee iliyosamehewa, kama chumba cha mgonjwa. Alitaka taa zimtambue kama zinavyowatambua wapangaji wengine. Naye Haron Bosire, meneja wa jengo, hakufurahi, kwa sababu mwenye jengo alikuwa amemwagiza apunguze matumizi ya umeme, na sasa taa za ghorofa ya tatu zilikuwa zikikesha.

Lorna akamwambia Haron amwachie yeye. Kwenye ukumbi wa mikutano kulikuwa na kifaa cha kupima hewa iliyochoka, kinachoamrisha feni zizunguke watu wakijaa. Alifikiri kwamba mtu akipumua hubadilisha hewa ya chumba, basi kifaa hicho kitamjua mzee kwa pumzi yake. Akakihamisha, akamhakikishia Haron kwamba itafaulu. Haikufaulu. Ochoki hakuweza kufanya kazi bila dirisha wazi, na pumzi yake yote ilitoka nje kuelekea kwenye mikaratusi. Taa zikazima tena.

Lorna alikuna kichwa, lakini hakushtuka. Alitafuta mpaka akapata sensa ya aina nyingine, inayotuma mawimbi na kuhisi hata kifua cha mtu kikipanda na kushuka. Akaiagiza kutoka Nairobi. Ilipofika aliifunga kwa mikono yake, akafungua dirisha, kisha akaketi kwenye kiti cha mzee alasiri nzima bila kutikisa hata kidole. Mara mbili alijaribu kubana pumzi ili aidanganye. Taa haikucheza.

Kesi iliporudi, Lorna alibaki chini na skrini yake. Alijua kifaa kinafanya kazi, hata hivyo hakuweza kuangalia kitu kingine. Ofisi ya ghorofa ya tatu ilisomeka ina mtu, ikaendelea hivyo hivyo mpaka Roselyne aliposhuka na kumwambia kwamba mzee amezungumza mpaka mwisho, polepole, na jaji amemsikiliza.

Baadaye uamuzi ulitoka, familia ya Marani ikabaki na shamba lake. Krismasi ikaja ikapita, na ofisi haikufungwa. Haron ndiye aliyekuja mwenyewe kuomba sensa za namna ile zifungwe jengo zima, kwa kuwa aliona taa za Ochoki sasa zinazima mara tu mtu anapotoka kweli, na hazimsumbui aliyemo.

Habari zilifika Kisii, na wenye jengo moja la huko wakamwita Lorna awafungie mitambo yao. Alikwenda wiki iliyopita. Walikuwa wamemwandalia meza na michoro ya kila ghorofa, lakini aliwaomba isubiri. Alitaka kwanza kupita ofisi kwa ofisi, awaamkie watu na kuona wanavyokaa.