Mikono Kabla ya Mguu

Kanze Tembo alikuwa mkunja mashuka katika hoteli moja ya Diani, na kila Jumamosi alichezesha mpira wa kikapu kiwanjani Ukunda. Kucheza aliacha goti lilipomkataa, kipenga hakikumkataa.

Jumamosi moja wasichana wa hoteli yake walikuwa wakiongoza kwa pointi moja dhidi ya Msambweni, zimebaki sekunde nane. Kocha wao alikuwa Austine, msimamizi wa Kanze kazini. Gillian wa hoteli na Kahaso wa Msambweni wakaudaka mpira pamoja karibu na mstari wa pembeni. Wakavutana, hakuna aliyeachia, hata mguu wa Kahaso ukakanyaga nje.

"Nje! Nje!" watu wakapiga kelele.

Kanze akapuliza, akainua vidole gumba vyote viwili: mpira wa kushikiliana. Mshale wa zamu mezani, unaoonyesha timu itakayopewa mpira, ulielekea Msambweni. Wakarusha mpira, Kahaso akafunga, mchezo ukaisha.

Austine akamjia mbio. "Aki Kanze, mguu ulikuwa nje! Kila mtu ameona!"

"Hata mimi nimeuona, bwana Austine. Lakini walikuwa wameshaushika wote wawili. Mikono ilitangulia, mguu ukafuata."

"Kwani wewe ni wa wapi?"

Kanze akaenda kutia sahihi karatasi ya matokeo.

Siku tisa Austine alimpa maagizo kupitia kwa wengine. Siku ya kumi akaja mwenyewe kwenye meza ya Kanze ya kukunjia.

"Hebu nieleze tena. Polepole."

Kanze akampa ncha moja ya taulo, mwenyewe akashika ya pili. "Vuta." Austine akavuta, mpaka Kanze akavuka kizingiti cha mlango.

"Haya, taulo la nani?"

"Si la mtu. Bado tunang'ang'ania."

"Ndiyo hapo. Ningelivusha kabla hujalishika, lingekuwa lako."

Austine akafikiri. "Lakini ulichelewa. Ungepuliza mapema, mguu usingefika nje, na watu wasingetukana."

Kanze akaachia ncha yake. "Hapo umesema kweli. Nilitumaini mmoja ataachia."

Austine hakuomba radhi. Alilikunja taulo, vibaya, akaliweka juu ya mengine, akatoka.

Wiki hiyo hiyo Kanze alikiomba chama cha waamuzi kisimpangie tena mechi za hoteli yake. Aliona alipaswa kuomba hivyo tangu mwanzo.