Kitambaa cha Begani cha Wifi Yangu

Mmenikalia kooni tangu asubuhi niandike habari za wifi yangu, utadhani nilizaliwa na kalamu mkononi. Haya, naandika. Atakayeona herufi zimepinda, azinyooshe mwenyewe.

Wifi ni msafishaji wa maabara ya shule, na kwa usafi anajisikia mpaka anaudhi. Ana kitambaa chake hakishuki begani. Kufuta meza kitambaa hicho, kufuta jasho kitambaa hicho, na ole wako ukikigusa.

Likizo moja wakaja wanafunzi wa sekondari kusomea kama kuna viumbe kwenye sayari nyingine, na jinsi ya kuwatumikisha vijidudu kutengeneza dawa. Mwalimu wao, kijana wa ndevu za kuhesabika, akawagawia visahani vyenye chakula cha vijidudu, kama uji ulioganda, watafute uhai popote. Binti mmoja mtundu akamfuata wifi.

"Bibi, hebu gusa hapa."

Akagusa. Baada ya siku mbili kisahani kimeota madoa.

"Jamani, Bibi ana wapangaji!"

"Wapangaji anao babu yako!" Wifi akavimba. "Nanawa sasa hivi mkiniona. Kikiota tena, kitambaa changu mkichome moto. Kisipoota, mwalimu atapiga deki mpaka kozi iishe."

Mwalimu akakubali. Wifi akasugua mikono kwa sabuni mpaka kwenye kucha, akasuuza, akaiinua juu kama daktari wa upasuaji. Halafu, kwa mazoea, akaifuta begani. Ndipo akagusa kisahani kipya.

Safari hii, siku mbili zilipopita, hayakuwa madoa, kilikuwa kichaka! Manjano, kijani, na kitu chenye manyoya. Mwalimu alisahau hata kucheka.

"Bibi, mikono ulijifuta na nini?"

Darasa zima likageukia bega lake.

Angeweza kubisha; kubisha ndiyo kazi yake ya pili, mimi namjua. Lakini dau aliliweka kwa mdomo wake, mbele za watu. Akakivua kitambaa, akakikunja vizuri kama nguo ya arusi, akamkabidhi mwalimu.

"Choma. Ila hawa wa kwenye kisahani nimewabeba miaka yote. Hakuna kuwatupa! Mkiwapata wenzao wa huko angani, mniite niwaone."

Sasa wewe unayecheka, inuka. Nenda jikoni kwako, kachemshe kile kitambaa chako cha kufutia vyombo, kisha uniletee hayo maji niyaone rangi yake.