Ncha ya Mzizi wa Jino la Mwalimu Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo ya bati yenye mfuniko. Humo ndimo yalimotupwa meno yaliyong'olewa. Kazi yangu ilikuwa kuipeleka nyuma ya jengo, kwenye tanuri la kuchomea taka, kuiosha kwa dawa na kuirudisha kabla mgonjwa mwingine hajaketi. Kilikuwa kituo kidogo cha afya upande wa Temeke, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Mie binti wa Mtoni, muuguzi niliyetoka chuo juzi tu, nilijua tiba ya meno ni koleo basi.

Mkuu wangu wa kwanza, Tabibu wa Meno wa kituo, alijua hivyohivyo, na simlaumu. Dawa za kuzibia zilikuwa hadithi, na ganzi ilikuja kama mvua za vuli, mwaka huu ipo, mwaka ujao haipo. Aling'oa kwa ustadi mkubwa na kwa huruma. Mgonjwa akiuliza kama jino lake haliwezi kupona, humjibu: "Mpangaji ameshachoma nyumba, nawe unataka kumnunulia godoro?" Benchi zima hucheka, na mgonjwa hufungua kinywa.

Biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikaanza kuingia, hata vyumba vya meno vilibadilika. Nilihamishiwa hospitali moja ya Kinondoni, chini ya Daktari wa Meno aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, sauti ya chini, mikono mikubwa usiyoitarajia kwa kazi ndogo kama ile. Kwake ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza upasuaji wa ncha ya mzizi.

Niwaeleze vijana. Jino lina kichwa unachokiona na mzizi usiouona, na ndani ya mzizi mna mfereji. Mfereji ukioza, usaha hukusanyika kwenye ncha, ndani ya mfupa. Kwa kawaida daktari huusafisha mfereji kwa kupitia kichwani. Lakini njia hiyo ikiwa imezibwa, hubaki mlango wa nyuma: unapasua ufizi, unatoboa mfupa, unakata ncha iliyooza na kuuziba mzizi kwa upande huo. Jino linabaki mahali pake. Kwa mtu niliyetoka kwenye ndoo ya bati, ile ilikuwa kama kuona mtu akitengeneza msingi wa nyumba bila kuwahamisha waliomo.

Mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote ni Mwalimu Zuhura, mama wa makamo aliyefundisha Kurani katika chuo chake Tandika. Ujanani alianguka akavunja meno mawili ya mbele ya juu. Yote mawili yalivishwa kofia za bandia, kila moja imeshikwa na kijiti cha chuma kilichozamishwa ndani ya mzizi. Sasa kipele cha usaha kilikuwa kikitokeza kwenye ufizi, katikati kabisa ya meno hayo, kinapasuka, kinarudi. Vile vijiti vilikuwa vimeziba njia ya kichwani. Hospitali mbili zilikuwa zimeshamwambia ang'oe.

Benchini kijana mmoja mwenye shavu lililovimba alimtania: "Mama, mwezi mzima unahangaika na jino? Mie langu naliacha hapahapa leo."

"Wewe unatafunia, mwanangu," alijibu. "Mie nafundishia."

Daktari alimwamkia shikamoo, akamketisha, akamwambia ukweli kwamba kungekuwa rahisi kung'oa na kumtengenezea la kubandika.

"La kubandika linacheza," alisema Mwalimu. "Daktari, gusisha ncha ya ulimi kwenye meno ya juu ya mbele, upulize. Haya, tha."

Daktari, Mkristo wa Bukoba, akatii. "Tha."

"Hiyo ni herufi. Zipo tatu zinazokaa hapo: tha, dhali na dha. Mtoto hafundishwi kwa maelezo, anatazama kinywa changu. Mie nikiwa na pengo, chuo kizima kitasoma kipengo."

Daktari hakucheka. "Basi tutalipigania, Mwalimu. Likinishinda nitakwambia mwenyewe."

Siku ya upasuaji ilikuwa ya mgao wa umeme. Picha ya eksirei ilipaswa kupigwa asubuhi, umeme ukarudi karibu na saa sita, na kila mtu akakimbia. Nilipiga picha, nikaingia chumba cha giza, nikaisafisha filamu na kuitundika ikiwa bado mbichi kwenye sanduku la taa. Daktari akaitazama. Kivuli cheusi kilikuwa kwenye ncha ya mzizi mmoja tu. Alikuwa amegonga meno yote mawili kwa mpini wa kile kioo cha kutazamia kinywani, apate linalouma, lakini dawa za wiki nzima zilikuwa zimetuliza maumivu, na Mwalimu hakuweza kusema ni lipi.

"La kushoto," alisema Daktari. Akachoma ganzi mdomo wote wa mbele, tukasubiri, akachukua kisu.

Nilikuwa nimeshika mrija wa kunyonyea damu, uso wangu umeelekea kwenye filamu. Filamu za wakati ule zilikuwa na kinundu kidogo pembeni, ukubwa wa kichwa cha pini. Kinundu kikikutazama, picha imekaa sawa. Kikikupa mgongo, unaona kishimo, na kushoto kwa mgonjwa kumekuwa kulia. Nuru ya dirisha ilipiga ubavuni mwa filamu. Niliona kishimo.

Kusema ni kumkatiza mkuu wa idara mbele ya mgonjwa na kukiri kosa langu, na mwenzangu mmoja alikuwa amerudishwa wodini kwa dogo kuliko hilo. Kunyamaza ni kuacha mzizi mzima ukatwe na ule uliooza ubaki. Mwalimu angepoteza meno yote mawili. Kisu kilikuwa kimeshagusa ufizi.

"Daktari, simama," nilisema. Hata samahani sikuikumbuka. "Filamu nimeitundika kinyume."

Aliinua mkono. Akaweka kisu kwenye sinia, akavua glavu, akaenda kwenye sanduku la taa na kupitisha kidole gumba pembeni mwa filamu.

"Piga nyingine," alisema.

Nilipiga nyingine, nikaitundika huku nimeshika kinundu kwa kidole. Lilikuwa la kulia. Ndipo Daktari akamgeukia mgonjwa, jambo ambalo sikuwahi kuona mkubwa akilifanya. "Mwalimu, nilikuwa nafungua mzizi mzima, si ule mbovu. Sista huyu amenizuia."

Mwalimu Zuhura, mdomo umejaa ganzi, alijibu kwa shida: "Basi mpe kiti, anatetemeka."

Nilifanya kazi nimesimama. Daktari alichora upinde kwa kisu juu ya ufizi, akaufunua kama pazia, akatoboa mfupa huku nikimwagia maji ya chumvi usiungue. Alikwangua uchafu wote, akakata ncha ya mzizi, kipande kidogo kuliko punje ya mchele, akaziba kwa mchanganyiko wa zebaki na fedha, akashona kwa uzi wa hariri. Mikono yake haikuwa na haraka wala hasira.

Jioni nilifungua kitabu cha upasuaji nikitarajia kuona jina langu. Daktari alikuwa ameandika: "Nilisoma filamu bila kugusa alama. Kosa la msomaji." Nilimfuata nikamwambia kosa ni langu.

"Wewe umeitundika vibaya, mie nimeiamini bila kuigusa," alisema. "Kisu kilikuwa mkononi mwa nani?"

Tangu siku hiyo, chumbani kwake hata mfagizi aliruhusiwa kusema "simama", na kisu kilisimama. Baadaye nilifanya kazi na wakubwa wengine, mpaka kliniki ya binafsi Mikocheni nilikostaafia, yenye vifaa ambavyo yeye hakuwahi kuviota. Wapo waliomzidi kwa vifaa. Sikuona aliyemzidi. Ninyi mnaoanza, jifunzeni mashine zenu vizuri, lakini jiulizeni pia kama msaidizi wenu anaweza kuwasimamisha.

Kipele cha Mwalimu Zuhura hakikurudi, na alifundisha kwa jino lake mpaka alipofariki, mimi nikiwa nimeshastaafu. Nilikwenda kwenye hitima yake Tandika, nikaketi upande wa wanawake. Waliosoma walikuwa wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, wengine wana mvi, wengine watoto wa shule. Sikufuata maana, nilifuata vinywa. Kila ilipofika tha, ndimi zilitoka zikagusa ncha za meno ya mbele, kinywa baada ya kinywa, bila hata mmoja kukosea.