Mizinga ya Maskauti wa Kanyangi

Wanaomkumbuka Mwangangi wa Kanyangi hawakubaliani juu ya mwaka alioanzisha chama chake cha maskauti. Wengine hutaja mwaka wa Uhuru. Wengine husema ni mwaka uliofuata, kwa kuwa wanakumbuka mawele yalikuwa yameiva na watoto walitumwa kufukuza ndege. Wote wanakubaliana juu ya Jumamosi zenyewe. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mchanga wa mto Tiva, na watoto walikuwa wakiteremka vilimani mmoja mmoja, bila kelele, kana kwamba usingizi wao ndio uliokuwa ukitembea.

Mwangangi, ambaye majirani walimwita Baba Mutindi, alikuwa fundi wa cherehani. Mashine yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja sokoni, na hapo ndipo aliposhonea skafu za maskauti, zote kwa kitambaa chekundu cha rangi ya udongo, ili uchafu usionekane na mama zao wasilalamike. Uskauti aliujua tangu utotoni, katika shule moja ya misheni upande wa Mutomo. Aliporudi kwao alikuwa amebeba mambo mawili: kufunga mafundo ya kamba, na imani kwamba kijana akipewa mahali pa kusimama hatapotea.

Mahali penyewe alipewa na ukoo mmoja wenye ardhi kando ya mto. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, na hayakuwahi kuleta ugomvi: ardhi ingebaki ya ukoo, lakini mti wowote ambao maskauti wangeupanda ungekuwa mali ya chama. Wakapanda mikau, ule mti wa kwetu ambao mbao zake mchwa huziogopa. Waliimwagilia kwa maji waliyochota katika visima vya mchangani, na miaka ilivyopita, mahali palipokuwa na miiba na vumbi pakawa na kivuli.

Kisha likazuka jambo ambalo hakuna aliyeliamuru. Skauti wa kwanza kupita umri wa uskauti, kabla ya kwenda Mombasa kutafuta kazi, alichonga mzinga wa nyuki, akauchoma alama ya ukoo wake na alama yake mwenyewe, akaupandisha kwenye mkau mmojawapo. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Ikawa desturi. Mwangangi aliipenda sana. Alisema kijana aliyeacha mzinga hajaondoka kabisa. Tena Ukambani kila mtu anajua kwamba mti wenye mzinga wa mtu haukatwi mpaka mwenye mzinga akubali, hata kama shina lake limesimama katika shamba la mwingine. Walijua wote, wala hakuna aliyefikiria maana yake, kwa sababu wakati huo hakuna aliyekuwa na haja ya kukata mti.

Mwaka wa 1984 mvua zilikosa. Wazee waliipa njaa hiyo jina la Kikamba lenye maana ya kufa ukiwa umeshika, kwa kuwa mtu aliweza kuwa na pesa mkononi na dukani asipate unga. Mwangangi hakuweza kuwaona watoto wakiteremka vilimani kwa mwendo wa wazee. Pamoja na mweka hazina wa chama, Mulei, alisafiri hadi mji mmoja wa barabara ya Mombasa na kumwendea Gicheru, mfanyabiashara wa nafaka na mbao aliyehamia huko kutoka Murang'a. Gicheru aliwapa mahindi kwa mkopo. Miezi yote ile sufuria ilichemka chini ya mikau, na walioketi kuizunguka hawakuulizwa kama ni maskauti au la.

Mvua ziliporudi, deni lilikuwa bado lipo. Wazazi walikuwa wakinunua mbegu na mbuzi upya. Ada ya chama hawakuiweza. Makao makuu nayo yalisema kwamba chama kisichoweza kulipa madeni yake kitafutwa. Mkutano uliitwa katika chumba kimoja nyuma ya kanisa. Mulei, aliyekuwa karani katika chama cha ushirika cha wakulima wa pamba na mtu asiyependa maneno mengi, ndiye aliyeanza.

"Miti tunayo. Gicheru ni mtu wa mbao. Akichukua mikau, deni limekwisha, na chama kinabaki na jina lake."

"Mikau ina wenyewe huko juu," Mwangangi akasema.

"Walio huko juu ni nyuki, Baba Mutindi. Nyuki hawalipi ada."

Watu wakacheka. Mwangangi naye akacheka kidogo, maana lilikuwa neno zuri.

"Nasema wenye mizinga."

"Wako wapi? Mmoja yuko bandarini. Mwingine ni utingo wa lori, na lori lenyewe hatulijui. Kiema wa Ndila hata mama yake hajui aliko." Mulei aliteremsha sauti, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake. "Umetufundisha mafundo miaka yote hii, na deni la chama umelipandisha mtini ukalifunga kamba."

Mwangangi aliomba apewe muda awaendee wazazi wa wenye mizinga, wakubali kwa niaba ya wana wao. Akazunguka nyumba kwa nyumba, kutoka Kanyangi mpaka vilima vya mbali ambako hewa ya mchana hutetemeka na nyumba huonekana kama zinaelea. Kila boma alipewa kiti na chai, na karibu kila boma alipewa jibu moja. Baba mmoja alilisema hivi: "Mzinga ni wa aliyeuchonga. Mimi nilimzaa yeye. Mzinga sikuuzaa."

Siku hizo, walisema jirani zake wa sokoni, alishona suruali moja mara mbili, akaifumua mara mbili. Chama kile alikuwa amekilea kuliko mtoto wake yeyote. Aliwaza Jumamosi bila watoto kilimani, na alipowaza hivyo alisahau kukanyaga mashine.

Mulei alimpitia barazani. "Ishushe mizinga polepole," alisema. "Anza na wa Kiema. Nani atauliza?"

Jioni moja Mwangangi alichukua kamba na kinga cha moto, akaenda. Aliupanda mkau wa Kiema taratibu, moshi ukimtangulia. Huko juu, alisimulia baadaye, palikuwa na dunia nyingine. Jua lilikuwa limeingia katikati ya majani, na kila kitu kilikuwa na rangi ya asali: mikono yake, moshi, mto mkavu chini ukipinda kama mkanda uliosahaulika. Nyuki hawakukasirika. Walinguruma tu, sauti moja ndefu isiyo na mwanzo, na ndani ya sauti ile alihisi kama anasikia Jumamosi zote zikihesabu namba kwenye mstari. Aliweka kiganja juu ya mzinga. Ulikuwa na joto kama mgongo wa mtoto aliyelala. Hakujua alikaa pale muda gani.

"Baba Mutindi," sauti ikasema chini, "umeamua kuzeekea mtini?"

Alikuwa Ndila, mama yake Kiema, na mtungi wake wa maji.

"Naangalia asali, Mama Kiema."

"Kwa kamba ya kushushia?"

Mwangangi akaitazama kamba begani mwake.

"Shuka tuongee. Shingo inaniuma, na sijazoea kusalimiana na nyayo za mtu."

Akashuka. Ndila alikuwa ameketi juu ya mzizi, miguu ameinyoosha. Habari za deni alikuwa anazijua, hakuna asiyezijua.

"Kiema hajatuma neno tangu mwaka ule wa mafuriko," alisema. "Kuna wanaoniambia nimfanyie matanga bila mwili. Mchungaji ameniambia nimwachie Mungu, na nimemwachia. Lakini nyuki wakirudi baada ya mvua, mimi husema, kuna kitu cha Kiema kinafanya kazi. Sikukatazi kuushusha. Ushushe. Lakini uulete nyumbani wewe mwenyewe, na useme mbele ya majirani kwamba mwenyewe hayuko."

"Hilo siwezi kulisema."

"Basi unashusha nini?"

Mwangangi alimsaidia kuuinua mtungi. Kisha akaizungusha kamba mkononi, akaenda nayo nyumbani.

Gicheru alipokuja kutazama mbao, alitembea chini ya miti kofia ikiwa mkononi, kama mtu aliyeingia kanisani ibada imeshaanza. Aligonga shina moja, akasikiliza.

"Miti mizuri, mzee. Kwetu mti ni wa mwenye shamba."

"Hapa ni wa mwenye mzinga, Bwana Gicheru. Na wenye mizinga hawapo."

"Mimi nilitoa mahindi. Sikutoa kwa nyuki."

"Ni kweli. Kwa hiyo chukua vitu vyote vya chama. Mahema, ngoma, bendera, mabati ya bohari, masufuria. Kitakachopungua, chukua cherehani yangu."

Mulei alimshika mkono. "Ukifanya hivyo, Baba Mutindi, chama hakuna. Umeelewa? Hakuna."

"Nimeelewa tangu nilipokuwa huko juu."

Gicheru aliligonga tena lile shina. Hakuwa mtu mbaya, nao hawakuwahi kumwita hivyo. "Cherehani nitaichukua," alisema mwishoni. "Nikikusamehe hiyo, utakuwa unanipita sokoni ukiinamisha kichwa, na mimi napenda kusalimiwa." Mwangangi alicheka, mara ya kwanza kwa wiki nyingi, na wakashikana mikono.

Lori lilibeba vitu. Mabati yaling'aa mpaka kwenye kona ya barabara, kisha hayakung'aa tena. Makao makuu yalilifuta jina la chama, na Mulei aliirudisha mihuri mwenyewe, uso wake ukiwa kama wa mtu anayetoka mazishini. Mwangangi alibaki barazani na sindano ya mkono, akishona vifungo na kutia viraka.

Jumamosi ya kwanza hakwenda mtoni. Ya pili vilevile. Ya tatu, mama mmoja aitwaye Kaluki, aliyekuwa amekuja kuchukua kaptula ya mwanawe, alisimama mbele yake.

"Baba Mutindi, watoto wako mtoni."

"Wanafanya nini?"

"Wamesimama tu. Ninamuuliza wangu unakwenda wapi, ananiambia anakwenda Jumamosi. Sasa sijui Jumamosi ni nini siku hizi."

Aliweka sindano kwenye ukosi wa shati, akateremka. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Walikuwa wachache, hawana skafu, wamesimama katika kitu kilichotaka kuwa mstari lakini kikawa hakina uhakika. Hakuwa na jina la kuwaita. Hakuwa na hema wala ngoma, na hakujua kama wiki ijayo angewakuta wangapi, au kama wangekuwepo kabisa.

"Leo tunafanya nini?" mmoja akauliza.

"Bado sijajua," Mwangangi akajibu. "Kaeni kwanza."

Wakakaa kwenye mchanga uliokuwa bado baridi. Naye akakaa.