Mama Chupa na Nzi wa Chupa ya Tisa

Shemeji yangu amewapikia nzi kwa miaka kumi na tisa. Hukoroga uji wa mahindi, hamira na sukari katika sufuria ya maabara ya chuo, akaumimina chupani, akaziba kwa pamba. Ni wale nzi wadogo wanaozengea ndizi mbivu. Wasomi huwafuga wapate kujua nani ndugu wa nani, na nani alitoka kwa babu yupi. Leo nzi ana mti wa ukoo uliochorwa, na wajukuu zangu hawajui jina la baba yangu.

Pamba aliisokota kwa mkono, kama nilivyomfundisha nilipokuwa mtunza stoo pale. Nilipostaafu tu, wakaleta vizibo vya sponji. Siku hizi kila kitu sponji.

Jumatatu moja Daktari, binti anayeongoza utafiti, aliingia na karatasi ya mashine ya kupima vinasaba.

"Mama Chupa, nzi wa chupa ya tisa ni walewale wa chupa ya nne. Vinasaba vimesema. Ijumaa tuwatupe, tupate nafasi."

Shemeji akaweka mwiko chini. Msitu walikotoka wale wa tisa ulishafyekwa wote. Wakitupwa, ndio basi.

"Mwanangu, hao hawaoani. Watakuwaje wamoja?"

"Umejuaje?"

"Nawaona wakitongoza. Dume wa nne anatikisa bawa moja. Wa tisa anatikisa yote mawili, kama mgombea anayeomba kura."

"Mashine haijui kutongoza, mama."

"Ndiyo maana haina mume."

Walicheka wote, lakini Ijumaa ikabaki palepale.

Alhamisi shemeji aliinamia lenzi asubuhi nzima. Ndani ya chupa ya tisa akaona madume wengi wakitikisa bawa moja. Wageni wa chupa ya nne! Akabonyeza kizibo: sponji ilikuwa imesinyaa kwa kuchemshwa mara kwa mara, na pembeni pana upenyo wa kumtosha nzi na mizigo yake. Kumbe mashine ilipimishwa wageni. Akapanda kigoda, akateremsha chupa nyingine ya tisa, ya akiba, iliyozibwa kwa pamba.

"Si nilikataza pamba?" Daktari aliuliza.

"Ulikataza, mwanangu. Nilisikia vizuri kabisa."

Daktari alitazama lenzini saa nzima. Mabawa mawili, mawili, mawili. Akachukua nzi kumi wa akiba, akawapeleka kwenye mashine, na Ijumaa hakutupwa mtu.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili: wa tisa na wa nne ni binamu walioachana zamani sana. Mti ukachorwa upya, ukaongezwa tawi.

"Nikupe nini, mama?"

"Pamba."

Akapewa katoni tatu. Zile sponji aliniletea mimi, gunia zima.

"Shemeji, oshea vyombo, uache kununa."

Nimeshaoshea. Kwa masufuria, nakiri, zinafaa.