Zamu ya Apolonia Kusema Juu ya Kitabu

Apolonia wa Viwanja Sitini alijua kusoma akiwa na miaka sitini na minane, na mtu asije akakudanganya kwamba alibembelezwa. Alikwenda mwenyewe. Shule aliiachia darasa la pili kule Kisawasawa, baba yake alipomtoa akaamie ndege kwenye mpunga, awafukuze wasiule, na tangu hapo kila karatasi aliyoletewa aliitia dole gumba. Siku moja akasema basi. Akamfuata Mwalimu Nickolaus, mstaafu wa Kibaoni, akamwambia, "Nifundishe. Lakini ukinicheka naondoka."

Mwalimu hakucheka. Sasa Apolonia alikuwa anayakokota maneno kama mtu avutaye ng'ombe mkaidi, lakini anafika.

Kila Alhamisi alasiri walikaa watu wanne barazani kwa mwalimu, wanasoma kitabu kimoja kwa zamu. Mwalimu mwenyewe, Apolonia, na Mayunga, mzee wa Kisukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe wake zamani, watoto wake wakiwa bado wanabebwa. Wa nne alikuwa Digna, mshona nguo, binti wa marehemu Serafina.

Huyo Serafina ndiye alikuwa shoga wa Apolonia kwa miaka arobaini. Walilima mashamba ya kupakana, ng'ambo ya mto, na kila msimu walihamia huko pamoja mpaka mavuno. Mwaka juzi Serafina alifia hukohuko shambani, wakiwa wawili tu. Digna alipouliza mama yake alikufaje, Apolonia alimjibu, "Ilikuwa ghafla, mwanangu." Digna hakuuliza tena. Ila jibu lile halikuondoka, lilikaa katikati yao kila Alhamisi, na Apolonia alijua kuwa siku moja ataulizwa upya.

Msibani hakulia. Wanawake walinong'ona kwamba ana roho ya jiwe, naye hakubishana nao. Kifua chake kilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Upo, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine.

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, cha zamani, mende wameshakila pembeni. Habari ya vibarua wawili marafiki, wanaotoka shamba hadi shamba wakitafuta kazi ya kukata miwa. Mmoja anashikwa na homa. Mwenzake anamlaza kibandani, anakwenda kukata fungu lake na la mgonjwa, ili msimamizi asije akamfukuza. Anaporudi jioni ya pili, rafiki amekwisha kufa. Anazichukua nguo zake, anampelekea mama wa marehemu, anasema alikufa usingizini. Kitabu kinaishia hapo.

Alhamisi hiyo walimaliza ukurasa wa mwisho. Mwalimu akavua miwani. "Haya, kila mmoja aseme alivyokiona. Mzee Mayunga."

"Mimi huyo bwana simpendi," Mayunga akasema. "Kwetu hata ng'ombe akilala njiani, tunalala naye. Wengine watangulie, wewe unabaki. Sembuse mtu!"

"Ng'ombe wako anakula nyasi," Apolonia akamkata. "Mtu anakula nini ukikaa kumtazama?"

"Mayo," Mayunga akamwita mama kwa Kisukuma, "zamu yako bado. Au kusoma kumekuchosha, unataka kuwahi kulala?"

"Kelele, mla michembe ya viazi!"

"Bora michembe yangu kuliko kambale wenu wanaonuka tope."

Mwalimu akacheka. Digna hakucheka. Alikuwa anachezea upindo wa kitenge chake. "Mimi simlaumu kwenda kazini," akasema. "Kazi ni kazi. Kilichoniuma ni yule mama. Analetewa nguo tu. Haambiwi mtoto wake alilala vipi, alisema nini, aliita nani. Angeambiwa, hata kama ni baya."

"Mama Apolonia," mwalimu akasema.

Apolonia alikuwa na la kusema tangu asubuhi, ameliandaa, la kumtetea yule kibarua. "Hakuwa mtu mbaya," akaanza. "Alikuwa na kazi. Mpunga ukishakuwa na maziwa, ndege kwelea hawangoji mgonjwa apone. Ukishuka kwenye dungu la kulindia asubuhi moja tu, unavuna makapi."

"Mpunga, mama?" mwalimu akauliza taratibu. "Kitabuni ni miwa."

Apolonia akakitazama kitabu. Angeweza kusema ameteleza, wangemwamini. Kila mtu alijua anasoma kwa kuchechemea. Lakini kusingizia ujinga wa kusoma hakutaka. Hilo hasa ndilo hakutaka.

"Najua ni miwa," akasema. "Nasema mpunga."

Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Serafina alishikwa na homa. Nikamwambia lala, ndege wako nitakuamia mimi. Nikawa napanda dungu langu, nashuka, napanda lake, kutwa napiga debe na kurusha kombeo. Niliona ndio namsaidia. Mpunga wake ukiliwa, angekula nini mwaka mzima? Mtumbwi ulikuwepo. Ningeita watu tukamvusha mto. Sikuita. Digna, haikuwa ghafla. Zilikuwa siku mbili."

Mayunga akainamisha kichwa. Mwalimu akafunga kitabu, akakifungua tena, hajui akifanye nini.

Digna hakupiga kelele. Alikaa muda mrefu anamtazama, na Apolonia hakukwepesha macho, kwa kuwa kukwepesha macho hakujawahi kuwa tabia yake. Alingoja kitu kimchome kifuani. Hakikuja.

"Mchele ule tuliula sisi," Digna akasema hatimaye. "Mimi na watoto. Tuliula wote."

"Najua. Niliuleta mwenyewe."

"Alikuwa anakusikia ukipiga debe?"

"Alikuwa anasikia. Siku ya kwanza alikuwa ananiita nikinyamaza, anauliza ndege wametua?"

Digna akavuta kigoda chake, miguu ikakwaruza sakafu, akaja kukaa mbele ya Apolonia, magoti karibu yanagusana. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Mama Mkubwa, niambie siku zote mbili," akasema. "Usiruke kitu. Anza na ya kwanza, alipoamka."

Basi Apolonia akaanza na ya kwanza. Serafina aliamka kabla ya ndege, akasema anasikia baridi, akaomba kanga ya pili.